Nani Anahesabu Saa Zako za Kazi?

Somo la historia kwa vikundi vya watu wazima. Mwalimu wa kikundi asome sehemu moja moja kwa sauti, kisha wanafunzi wasome wenyewe.

Kila mmoja na awe na daftari na kalamu karibu, maana leo tutasoma historia na pia tutapiga hesabu kidogo.

Mkulima wa kahawa wa Meru apelekapo kahawa yake kuuza, huitazama mizani kwa macho mawili. Anajua kwamba mizani ikiwa mbovu, jasho lake limepotea. Sasa fikiri juu ya mtu anayefanya kazi ya mshahara. Yeye anauza nini? Anauza siku zake na saa zake. Je, mizani ya saa ni ipi, na nani anaishika? Hilo ndilo swali letu la leo. Tutalifuata tangu zamani mpaka simu ya mkononi.

1. Jua na zamu ya maji

Hapo kale watu wa mlima Meru, Wameru na Waarusha, hawakuwa na saa ya ukutani, lakini walijua sana kugawa wakati. Walichimba mifereji ya kuleta maji kutoka mlimani hadi mashambani. Maji ya mfereji mmoja hayatoshi kumwagilia mashamba yote kwa mara moja, kwa hiyo hutumiwa kwa zamu. Mtu akizidisha zamu yake, migomba ya jirani hukauka. Basi zamu ilikuwa sheria, na jirani mwenyewe ndiye aliyekuwa shahidi. Kila mtu aliliona jua, na kila mtu aliweza kuhesabu.

Sisi tusemao Kiswahili tunahesabu saa kwa kufuata mchana na usiku. Saa ya kwanza ya mchana ikiisha, tunasema ni saa 1 asubuhi. Nchi yetu iko karibu na Ikweta, na kwa sababu hiyo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Hesabu yetu haina kosa. Wazungu huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi huanza alfajiri na magharibi. Tofauti ni saa 6 tu.

2. Kadi na kipande

Mwaka 1899 na 1900 Wajerumani walijenga boma lao Arusha. Waliolijenga ni wenyeji, nao walilazimishwa. Boma hilo lingali pale mjini, na siku hizi ni jumba la makumbusho.

Baadaye walowezi walifungua mashamba makubwa, wakataka watu wa kuyalima. Huko Usambara, katika wilaya ya Wilhelmstal ambayo leo ni Lushoto, serikali ya Wajerumani ilianza mwaka 1907 kuwapa watu kadi za kazi. Mwenye kadi alilazimika kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi 4, kwa mshahara uliokwisha kupangwa.

Wakati wa Waingereza mashamba ya mkonge na mengineyo Tanganyika yaliendelea na desturi ya kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Mfanyakazi alipewa kazi ya siku, kwa mfano kukata majani ya mkonge kwa idadi maalum. Akiimaliza, alitiwa alama katika nafasi moja. Nafasi zote 30 zikijaa, ndipo alipolipwa.

Sikiliza vizuri hapa. Siku 30 za kipande si sawa na siku 30 za mwezi. Siku uliyougua haikuhesabiwa. Siku uliyoshindwa kumaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabiwa, hata kama ulitoka jasho tangu alfajiri. Kwa hiyo kipande kimoja kiliweza kuchukua zaidi ya mwezi kujaa, na mshahara ukangoja.

Na kuna jambo la pili. Aliyetia alama alikuwa msimamizi. Wafanyakazi wengi hawakujua kusoma. Alama ikikosekana, mtu angesema nini? Yeye alikuwa na kumbukumbu yake tu, na msimamizi alikuwa na maandishi. Baraza huamini maandishi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku za kazi nazo ni mali.

3. Saa inayopiga chapa

Katika nchi za viwanda tatizo lilikuwa hilo hilo. Mwaka 1888, huko Auburn katika jimbo la New York, Marekani, fundi wa saa na vito aitwaye Willard Bundy alibuni mtambo wa kuandika saa ya kuingia na kutoka kazini. Kila mfanyakazi alikuwa na ufunguo wake wenye namba. Aliutia mtamboni, na mtambo ukapiga chapa ya namba yake na saa juu ya karatasi. Kampuni ya Bundy iliungana na nyingine, na mwaka 1911 zikaingia katika kampuni kubwa ambayo tangu 1924 inaitwa IBM. Ndiyo kampuni iliyokuja kuwa mashuhuri duniani kwa kompyuta. Basi unaona kwamba kompyuta na hesabu ya saa za kazi ni ndugu wa ukoo mmoja.

4. Azimio na saa 45

Tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Watu wengi hukumbuka habari za ujamaa na kujitegemea. Wachache hukumbuka kwamba ndani yake mna hesabu ya saa.

Azimio lilisema kuwa mfanyakazi wa mjini hufanya kazi kiasi cha saa 7 na nusu au 8 kwa siku, jumla yake kama saa 45 kwa juma. Kisha likauliza wakulima, hasa wanaume, wanafanya kazi saa ngapi. Likasema wazi kwamba wanawake vijijini hufanya kazi sana, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na siku za sikukuu.

Fikirini, ndugu. Saa za mama yule hazikuandikwa katika kipande chochote. Hakuna mtambo uliozipiga chapa. Mpaka zilipohesabiwa na kutajwa, zilikuwa kama hazipo. Hii ndiyo nguvu ya hesabu: huonyesha kazi ambayo jicho limezoea kuipita.

5. Usiku wa mwaka mpya

Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa kama haya yenu yana asili yake katika kazi ya miaka ile.

Sasa sikia ajabu. Mafundi wa Marekani waliotengeneza mfumo wa kompyuta uitwao Unix walihitaji siku ya kuanzia hesabu ya wakati. Baadaye walikubaliana kuanza na usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970, kwa saa ya Greenwich, Uingereza. Kwa saa ya Arusha ilikuwa saa 9 usiku, saa tatu tu baada ya mwaka mpya kuingia. Tangu hapo kompyuta huhesabu sekunde moja moja, nazo zimekwisha kupita bilioni 1.7. Simu nyingi mfukoni mwa watu hufuata hesabu hiyo. Kinachozisaidia ni kipande kidogo cha jiwe la kwatzi, kinachotetema mara 32,768 kila sekunde.

6. Programu ya saa za kazi hutengenezwaje?

Siku hizi mashamba ya maua, viwanda na maofisi mengi yameacha kadi. Mfanyakazi hugusa kitambo kwa kidole, au hubonyeza simu. Ndani yake mna programu, nayo imeandikwa na binadamu. Zijue kanuni zake nne.

Kwanza, programu nzuri haikai ikihesabu moja, mbili, tatu. Huandika wakati wa kuanza na wakati wa kumaliza, kisha hutoa. Hivyo hata simu ikizimika katikati, hesabu haipotei. Ndivyo hupimwa mbio pia. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu katika mkoa wa Arusha, alipokimbia mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Wakati wa kufika ulitolewa wakati wa kuanza. Wala si yeye aliyeishika saa, wala si mshindani wake. Walikuwapo waamuzi.

Pili, programu nzuri huandika kila wakati kwa saa moja ya dunia, yaani ya Greenwich, ndipo ikamwonyesha mtu saa ya kwao. Saa ya Tanzania imetangulia ile ya Greenwich kwa saa 3, na ya Zambia kwa saa 2. Dereva wa lori aliyetoka Arusha akavuka mpaka Tunduma huona saa imerudi nyuma. Akianza saa 2 asubuhi upande wetu, akaendesha saa 5, saa ya Zambia itaonyesha saa 6 mchana. Programu ya kijinga itasema amefanya kazi saa 4. Saa yake nzima imeliwa.

Tatu ni zamu ya usiku. Mlinzi akiingia saa 4 usiku Jumatatu na kutoka saa 12 asubuhi Jumanne, programu ya kizungu huona 22 na 6. Fundi asipokuwa mwangalifu kuiandika na tarehe, kompyuta itatoa 22 katika 6 na kupata hesabu isiyo na maana. Lakini wewe hesabu kwa Kiswahili: 12 toa 4 ni 8. Mlinzi amefanya kazi saa 8. Babu zetu hawakukosea.

Nne ni kukata dakika. Programu nyingine hupunguza dakika zisizofika robo saa. Tuseme kila siku unapoteza dakika 7. Kwa siku 6 ni dakika 42. Kwa majuma 4 ni dakika 168, yaani saa 2 na dakika 48. Hakuna mtu aliyekuibia mbele ya macho yako, lakini karibu saa 3 zimekwenda.

Mnaona? Msimamizi mwenye kalamu amekuwa programu, lakini swali halikubadilika. Nani anaandika, na wewe waweza kuyasoma yaliyoandikwa?

7. Sheria yasemaje?

Tanzania Bara inayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004. Kwa kawaida saa za kazi zisizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa juma, wala siku 6 kwa juma. Namba 45 mmekwisha kuikuta katika Azimio. Afanyaye kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, nazo zisizidi 50 katika majuma 4. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5.

Tupige hesabu. Mfanyakazi huingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 10 na nusu jioni. Hizo ni saa 9 na nusu. Toa saa 1 ya mapumziko, zabaki 8 na nusu. Zidisha kwa siku 5, ni saa 42 na nusu. Jumamosi afanye saa 2 na nusu tu, zimetimia 45. Kila dakika baada ya hapo ni ya ziada. Kama malipo yake ni shilingi 1,200 kwa saa, ya ziada ni shilingi 1,800.

Basi, ndugu mwanafunzi, hata kama kazini kwenu kuna mtambo wa kidole, uwe na daftari lako. Piga mistari minne: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mapumziko. Andika siku ile ile, usingoje mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi linganisha daftari lako na karatasi ya mshahara. Hesabu zikipatana, vema. Zisipopatana, uliza kwa adabu, daftari likiwa mkononi. Mtu wa kipande alikuwa na kumbukumbu tu. Wewe unayo maandishi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini siku 30 za kipande hazikuwa sawa na siku 30 za mwezi?
2. Mlinzi aliingia saa 3 usiku akatoka saa 11 alfajiri. Amefanya kazi saa ngapi?
3. Andika kazi zote za mama mmoja wa nyumba ya jirani tangu alfajiri hadi kulala, na saa zake. Jumla ni ngapi? Nani anazihesabu?