Ng'ombe Wasiolala Zizini: Mali ya Rika Katika Nyanda za Dodoma

Tembe la Kigogo lilijengwa kuwazunguka ng'ombe. Vyumba virefu vyembamba vya miti na udongo, vyenye paa bapa ambalo mtu mzima alilifikia kwa mkono, vilishikana pembe kwa pembe hadi vikafunga uwanja katikati, na uwanja huo ndio uliokuwa zizi. Watu walilala wakiwasikia ng'ombe wakicheua. Mgeni aliyefika jioni, mifugo ikirudi kutoka malishoni, angeweza kusimama mlangoni na kuhesabu: madume, mitamba, maksai, ndama. Angepata idadi kamili, akaondoka akidhani ameujua utajiri wa mwenye kaya, na karibu kila mara angekuwa amekosea. Baadhi ya wale ng'ombe walikuwa wa watu wengine, na wengi wa mwenye kaya walikuwa wamelala usiku huo katika mazizi ya mbali, kwa rafiki, kwa shemeji, kwa mjomba. Naianza historia hii hapo kwa sababu leo, mjini Dodoma, watu wenye umri kati ya miaka ishirini na tisa na arobaini na tano wanapimana mali kila siku, na wanapimana kwa macho kama yule mgeni wa mlangoni.

Utaratibu wa kuwaweka ng'ombe kwa watu wengine haukuwa hisani tupu. Ugogo, nchi ya Wagogo, ni nchi ya mvua chache, milimita mia tano au sita kwa mwaka, na mvua hiyo hainyeshi mahali pote kwa usawa: bonde moja hupata uwele wa kutosha huku la jirani likikauka. Aliyewafungia ng'ombe wake wote katika zizi moja aliwaweka wote chini ya wingu moja. Aliyewatawanya alikuwa na uhakika kwamba ukame, ugonjwa au wezi wakivamia upande mmoja, upande mwingine utabaki. Aliyepokea ng'ombe wa kutunza alipata maziwa, akapata mbolea ya shamba, na mara nyingine alizawadiwa ndama, hivyo mtu asiye na kitu aliweza kuwalisha watoto wake kwa mali isiyokuwa yake. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake juu ya ng'ombe na undugu wa Wagogo mwaka 1969, aliona kwamba mambo hayo mawili hayatenganishiki: ukifuata njia ya ng'ombe utafika kwenye undugu, na ukifuata undugu utafika kwenye ng'ombe. Kwa majirani wao Wanyaturu wa Singida, mwanaanthropolojia mwenzake Harold Schneider aliandika jinsi nafaka ya mwaka mzuri ilivyogeuzwa kuwa mbuzi, na mbuzi wakageuzwa kuwa ng'ombe. Njaa ilipokuja, ng'ombe walirudi kuwa nafaka. Zizi lilikuwa ghala lenye miguu.

Kwa hiyo watu wa nyanda hizi walijua, kabla ya benki na kabla ya wahasibu, kile ambacho leo tunakiita mali halisi: jumla ya alivyonavyo mtu ukiondoa anavyodaiwa. Walijua pia kwamba jumla hiyo haionekani. Inakaa katika kumbukumbu za watu wawili na mashahidi wao, na hujitokeza wakati wa shida, mtu anapokwenda kudai au anapodaiwa. Hapo ndipo wanarika walipotofautiana. Wavulana waliotahiriwa pamoja walitoka jandoni wakiwa sawa kwa umri na sawa kwa nguvu, wakalima mashamba yaliyofanana. Lakini ng'ombe wa kwanza wa kijana hakutoka katika jembe lake. Alitoka kwa baba, au katika mahari ya dada yake, au katika fungu la nyumba ya mama yake, maana mke wa kila nyumba alikuwa na ng'ombe waliotengwa kwa ajili ya nyumba hiyo, na ndugu wa baba mmoja na mama tofauti wangeweza kurithi mafungu yasiyolingana hata kidogo. Kijana mwenye dada watatu na kijana asiye na dada hawakuanza mahali pamoja. Bidii ilikuja baadaye. Ilihesabiwa, na mvivu aliaibishwa hadharani, lakini ilifanya kazi juu ya mtaji uliokwisha kuamuliwa na wengine.

Jambo la pili lililowatenganisha wanarika, na hata kizazi na kizazi, ni mwaka waliozaliwa. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki, na aliyekuwa kijana wa kuoa wakati huo alikutana na mazizi matupu. Waliozaliwa baadaye walikua mifugo ikiongezeka tena, wakakutana na kodi ya Wajerumani, kisha na reli ya kati iliyofika Dodoma mwaka 1910. Misafara iliyokuwa ikilipa hongo ya vitambaa, shanga na nyaya kwa watemi wenye visima ilipotea, na chanzo kizima cha utajiri kikafa katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Halafu vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wa kubeba mizigo, na mvua zilipokosekana hapakuwa na kitu cha kugeuza kuwa chakula. Njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, yaani kunyang'anyana, iliua watu 30,000 katika eneo lililokuwa na watu 150,000, kwa makadirio ya mwanahistoria Gregory Maddox. Mtu mmoja kati ya watano. Mathias Mnyampala, mshairi na mwandishi wa kitabu cha historia na mila za Wagogo kilichotoka mwaka 1954, alizaliwa mwaka 1917, njaa hiyo ilipokuwa ikianza. Watoto wa umri wake waliorithi ng'ombe na wasiorithi walitenganishwa na maamuzi ya maofisa wa kijeshi ambao hawakuwahi hata kuuona mlango wa tembe lao.

Naitaja Mtunya pia kwa sababu inatoa pingamizi la kwanza, na ni pingamizi zito. Kama utaratibu wa kutawanya mali ulikuwa na busara kiasi hicho, mbona haukuwaokoa? Jibu ni kwamba uliundwa kukabili mvua isiyolingana, na haukuwa na kinga dhidi ya dola inayopita katika mazizi yote kwa pamoja. Unapodai ng'ombe wako kwa mtu ambaye naye ameporwa, una dai tu na huna nyama. Kwa hiyo sitasema kwamba wazee walikuwa na mfumo kamili. Walikuwa na namna ya kuhesabu iliyo ya kweli zaidi kuliko hesabu ya macho, na hilo ni jambo jingine.

Tuje kwenye mji. Mwaka 1973 TANU, chama tawala cha wakati huo, iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huohuo. Kuanzia hapo kitu cha kupimana hakikuwa tena ng'ombe peke yake. Kilikuwa kiwanja: ardhi iliyopimwa, yenye bikoni nne za zege pembeni na namba ya kitalu katika karatasi. Kwa zaidi ya miaka arobaini serikali ilihamia kwa mwendo wa kusuasua, na wenye viwanja chini ya CDA walikuwa na hati za miaka 33 tu. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia kweli. Mei 2017 aliivunja CDA, na hati za miaka 33 zikaagizwa zigeuzwe kuwa za miaka 99. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa inaonyesha kilichofuata: wakazi 410,956 mwaka 2012, wakazi 765,179 mwaka 2022. Mtumba, kijiji cha wakulima na wafugaji kando ya barabara ya Dar es Salaam, kikawa Mji wa Serikali wenye majengo ya wizara.

Sasa wawekeni watu wa kizazi cha milenia, waliozaliwa kati ya 1981 na 1996, mbele ya tarehe hizo. Mkubwa wao alikuwa na miaka 35 tangazo la 2016 lilipotoka, pengine mwalimu au karani mwenye akiba kidogo, aliyeweza kununua kiwanja Nkuhungu au Ilazo kabla watumishi wa wizara hawajafika. Mdogo wao alikuwa na miaka 20, na kama alikuwa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, basi huenda alikuwa akisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Alipopata ajira alikuta sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inayokata asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi deni liishe, na bei ya kiwanja imekwisha kupanda. Tumwongeze wa tatu: mwenzao wa miaka hiyohiyo, aliyeishia darasa la saba, ambaye baba yake alikuwa na shamba la uwele Ihumwa. Huyu hakwenda chuo, hakukopa na hakuajiriwa, lakini mji ulimfuata shambani. Watu watatu, kizazi kimoja, na tofauti kubwa kati yao haikutokana na nani aliamka mapema. Ni yale mambo mawili ya zamani: umepokea nini, na mabadiliko yalikukuta ukiwa na umri gani.

Nchi nyingine hulipima jambo hili kwa tarakimu. Nchini Marekani, Benki Kuu yao hufanya utafiti wa mali za kaya kila baada ya miaka mitatu, na ule wa 2022 ulionyesha kwamba kaya inayoongozwa na mtu wa chini ya miaka 35 ilikuwa na mali halisi ya dola 39,000 ukichukua kaya ya katikati, lakini dola 183,500 ukichukua wastani. Tofauti hiyo kati ya kaya ya katikati na wastani ndiyo yenye habari: wachache wenye mali nyingi wanauvuta wastani juu, na kijana wa kawaida anayejilinganisha na wastani anajiona ameshindwa ilhali yuko palepale walipo wenzake. Hata jedwali zuri kama hilo, hata hivyo, haliwezi kuuona usiku wa mazizi ya mbali. Halina safu ya kuandika ada ya mdogo wako unayemsomesha Kongwa, wala mchango wa matibabu ya mama Mpwapwa, wala ahadi ya kaka kwamba ukijenga atakuletea bati.

Wapo watakaosema kwamba hayo ndiyo yanayowarudisha vijana nyuma: ndugu wanakula mtaji, na ambaye angejenga kwa miaka mitatu anajenga kwa kumi. Wana haki ya kusema hivyo, maana uchungu huo ni wa kweli, na mtu mwenye wategemezi sita hana mali sawa na mwenzake mwenye mshahara uleule asiye na mtegemezi. Lakini tuite kila kitu kwa jina lake. Ada inayolipwa leo ni ng'ombe aliyewekwa kwa mwingine. Anaweza kufa, anaweza kuzaa. Mzee wa Ugogo hakumhesabu ng'ombe huyo kuwa hasara, na hakumhesabu kuwa faida ya uhakika pia. Alimhesabu kuwa dai, na alijua lini alimpeleka, kwa nani, mbele ya nani. Ubaya wa leo ni kwamba tumebaki na kupeleka bila kukumbuka, hivyo mpaji anajiona ameibiwa na mpokeaji anajiona hadaiwi kitu.

Kuna upande mmoja ambao hesabu ya zamani ilikuwa na dhuluma, na sioni sababu ya kuufunika. Mke alikamua, akagawa maziwa, akalima shamba la nyumba yake, na ng'ombe waliotengewa nyumba hiyo walikuja kuwa wa wanawe wa kiume. Binti alileta mahari iliyompa kaka mtaji, yeye akaondoka bila ndama. Sheria za ardhi za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilitamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Kiwanja chenye jina la mwanamke pale Nzuguni au Iyumbu ni kitu ambacho bibi yake hangeweza kukipata kwa njia yoyote, na katika kulinganisha vizazi, hilo peke yake ni badiliko kubwa kuliko lami na reli ya kisasa.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina makao yake makuu hapahapa Dodoma. Naiomba, itakapowatuma tena wadadisi wake katika kaya zetu, iwape maswali matatu ambayo mfugaji wa nyanda hizi angeyauliza kabla ya kuzungumza juu ya utajiri wa mtu yeyote. Ni kipi kilichopo kwako ambacho si chako? Ni kipi kilicho chako ambacho kipo kwa wengine? Na ule mtaji wa kwanza, nani alikupa, mwaka gani? Bila majibu hayo, tutaendelea kuhesabu ng'ombe wa jioni.