Nyumba ya Coligny: Imani ya Familia Katika Vita vya Ufaransa

Katika historia ya Matengenezo ya Kanisa tumezoea kusikia habari za wahubiri na waalimu: Luther kule Wittenberg, Calvin kule Geneva. Habari za walei hatuzisikii sana. Hapa tunapenda kumtazama mlei mmoja, kabaila wa Ufaransa, Gaspard de Coligny, pamoja na watu wa nyumba yake, maana imani yake haiwezi kutenganishwa na nyumba yake.

Alizaliwa mwaka 1519 katika ngome ya Châtillon-sur-Loing. Baba yake alikuwa jemadari wa mfalme, akafariki mwaka 1522 wakati watoto wangali wadogo. Mama yao, Louise de Montmorency, aliwalea akisaidiwa na nduguye, Anne de Montmorency, aliyekuwa mkuu wa majeshi yote ya Ufaransa. Mjomba wa namna hiyo ni mlango wazi. Odet, kaka yao mkubwa, alifanywa kadinali mwaka 1533 akiwa na miaka 16 tu. Gaspard akawa Admirali wa Ufaransa mwaka 1552. Mdogo wao, François, aliyejulikana kama d'Andelot, akawa mkuu wa askari wa miguu.

Mdogo ndiye aliyetangulia katika imani. D'Andelot alitekwa vitani Italia akafungwa katika ngome ya Milan, na huko gerezani akasoma vitabu vya Matengenezo. Aliporudi nyumbani hakujificha. Mwaka 1558 Mfalme Henri II alimwuliza habari za misa, naye akajibu waziwazi kile alichoamini, akatiwa kifungoni.

Gaspard alikuwa mtu wa tabia nyingine, mpole wa maneno, mzito wa kukata shauri. Mwaka 1557 aliulinda mji wa Saint-Quentin dhidi ya jeshi la Hispania mpaka ukuta ulipobomolewa, naye akachukuliwa mateka. Katika kifungo hicho cha Flanders aliugua, akaomba aletewe Biblia. Mwaka 1558 Calvin alimwandikia barua ya kumtia moyo, akamwandikia na mkewe, Charlotte de Laval. Aliporudi nyumbani watu hawakuona badiliko la ghafula. Waliona kwamba wanafamilia na watumishi wote walikusanywa kwa sala asubuhi na jioni, na mwenye nyumba mwenyewe akiwepo. Mwaka 1560, katika mkutano wa wakuu kule Fontainebleau, alisimama mbele ya mfalme kijana François II akatoa maombi ya Waprotestanti wa Normandy, waliotaka ruhusa ya kukutana kwa ibada bila kuwindwa. Karatasi zile hazikuwa na sahihi ya mtu yeyote, kwa hofu. Yeye alizitoa akiwa na uso wake na jina lake.

Tarehe 1 Machi 1562 askari wa Duki wa Guise waliwashambulia Waprotestanti waliokuwa wakiabudu ghalani katika mji mdogo wa Vassy. Makumi waliuawa. Wahuguenoti, ndilo jina walilopewa Waprotestanti wa Ufaransa, wakataka kushika silaha, lakini Admirali akasita. Agrippa d'Aubigné, mwandishi wa zama zile, anasimulia kwamba usiku Charlotte alilia kitandani kwa ajili ya ndugu waliouawa, akamsihi mumewe asikae kimya. Naye akamjibu kwa kumtajia yote yatakayowapata: kushindwa, kusalitiwa, kukimbia, njaa ya watoto, pengine kifo mikononi mwa mnyongaji. Akampa majuma matatu ajipime kama ataweza kuyabeba. Charlotte akasema majuma matatu yameshapita. Kesho yake Admirali alipanda farasi.

Tunaisoma habari hii na kuvutiwa na mama huyo, na ni haki. Lakini tusikimbie kile kilichofuata. Vita vilivyoanza mwaka ule vilirudi tena na tena kwa zaidi ya miaka 30. Coligny aliamuru sala kambini, akakataza matukano na kamari; hata hivyo vijiji viliporwa na makanisa yakavunjwa na watu waliojiita wa Injili. Tena kuna jambo la mwaka 1563. Duki wa Guise alipigwa risasi nje ya mji wa Orléans na mtu aitwaye Poltrot de Méré, naye katika mateso akamtaja Coligny kuwa ndiye aliyemtuma. Admirali alikana. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu asiyependa kusema nusu, aliandika kwamba alimpa Poltrot fedha za kununulia farasi kwa kazi ya upelelezi, kwamba alimsikia akisema ni rahisi kumwua Duki wala hakumzuia, na kwamba kifo kile alikiona kuwa heri kwa ufalme, kwa Kanisa na kwa nyumba yake. Rafiki zake wangependa asiandike hivyo. Sisi tunaona kwamba maneno yale ni ya mtu mkweli, na papo hapo ni ya mtu ambaye vita vilikuwa vimekwisha kumfundisha kufurahia kifo cha adui. Familia ya Guise haikuyasahau.

Nyumbani kwake misiba ilifuatana. Mwaka 1568 Charlotte alifariki Orléans, baada ya kuwahudumia wagonjwa na majeruhi wa vita. Mwaka 1569 d'Andelot akafa, na katika vita vya Moncontour Admirali mwenyewe alijeruhiwa usoni. Mwaka huohuo aliwaandikia wanawe kwamba wasiweke tumaini lao katika mali ya dunia. Mali yake ilikuwa inaporwa wakati ule, kwa hiyo hayakuwa maneno matupu. Odet alikuwa amemwoa Isabelle de Hauteville mwaka 1564, akiwa amevaa joho lake jekundu la ukadinali, jambo lililowachukiza wengi na kuwachekesha wengine. Akakimbilia Uingereza, akafa Canterbury mwaka 1571. Kaburi lake lingali katika kanisa kuu la mji huo.

Amani ilipopatikana mwaka 1570, Mfalme Charles IX alimwita Admirali kwake, akamwita baba. Tarehe 18 Agosti 1572 Henri wa Navarre, Mprotestanti, alimwoa dada ya mfalme, na wakuu wa Wahuguenoti wakajaa Paris kwa arusi. Siku nne baadaye Coligny alipigwa risasi barabarani. Daktari Ambroise Paré alimkata kidole kilichovunjika na kuutibu mkono, na mfalme akaja kumtazama, akaapa kulipiza. Alfajiri ya tarehe 24, sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo, watu wa Guise waliingia chumbani mwake wakamwua, wakamtupa dirishani. Mauaji yakaenea mjini na katika miji mingine, maelfu wakafa.

Mke wake wa pili, Jacqueline d'Entremonts, aliyemwoa mwaka 1571, alikuwa na mimba. Alirudi kwao Savoy, na Duki wa nchi ile akamfunga. Alifia kifungoni mwaka 1599, mwaka mmoja baada ya Amri ya Nantes kuwapa Wahuguenoti ruhusa ya kuabudu. Vitabu vingi vinampa mstari mmoja tu.

Louise, binti wa Charlotte, alikuwa na miaka 16. Katika usiku mmoja alipoteza baba na mume, Charles de Téligny. Alikimbilia Uswisi pamoja na nduguze. Mwaka 1583 aliolewa na Willem wa Orange, kiongozi wa Uholanzi, na mwaka uliofuata Willem akapigwa risasi nyumbani kwao Delft. Akabaki na mtoto mchanga, Frederik Hendrik, pamoja na mabinti wa mumewe, akawalea. Mtoto yule baadaye alikuja kuitawala Uholanzi.

Uzeeni aliona jambo ambalo baba yake hakuliona. Waprotestanti wa Uholanzi walipogawanyika juu ya fundisho la kuchaguliwa na Mungu, mchungaji wake mwenyewe, Johannes Wtenbogaert, alilazimika kuikimbia nchi mwaka 1618, akikimbia watu wa imani ileile ya Matengenezo. Mwaka 1619 mzee Oldenbarnevelt alihukumiwa kukatwa kichwa. Louise alikwenda kumwombea kwa Maurits, mwana wa mumewe, aliyeshika madaraka. Hakusikilizwa. Mwaka uliofuata alifia Fontainebleau, pale ambapo miaka 60 kabla baba yake alisimama na zile karatasi zisizo na sahihi, akazikwa Delft.