Mionekano ya katalogi

Mionekano ya katalogi ni majedwali ya kusomwa tu ambayo hifadhidata hujieleza kwayo: ina majedwali gani, kila jedwali lina safu zipi na za aina gani, na nani amepewa haki ya kusoma, kuongeza, kubadili au kufuta. Maelezo hayo huitwa metadata, yaani data juu ya data. Huulizwa kwa SQL, lugha ileile inayotumika kuuliza data ya kawaida, kwa mfano kilo za samaki zilizopokewa jana.

E. F. Codd, aliyetangaza modeli ya uhusiano mwaka 1970, alilifanya hilo kuwa sharti: kanuni ya nne kati ya zile alizotoa mwaka 1985 inataka katalogi isomwe kama data ya kawaida. Kiwango cha SQL cha mwaka 1992 kiliipa jina la INFORMATION_SCHEMA. Kati ya programu za hifadhidata, PostgreSQL iliipokea katika toleo la 7.4 (2003), MySQL katika toleo la 5.0 (2005). Oracle imebaki na majina yake, na pengine ndiyo yanayoeleweka upesi zaidi: USER_TABLES ni majedwali yako, ALL_TABLES ni yale unayoweza kuyafikia, DBA_TABLES ni yote.

Tofauti hiyo ya majina ya Oracle ndiyo kiini cha jambo, kwa kuwa jibu la katalogi hutegemea anayeuliza. Tuchukue mfano wa hifadhidata ndogo ya uvuvi mjini Uvira, Kongo, yenye jedwali `mavuno` la safu tano: mwalo, tarehe, samaki, kilo, mwenye_mtumbwi. Karani yuko kwenye mwalo wa Kalundu alfajiri, wavuvi wa usiku wanaporudi na taa zao, na kazi yake ni kujumlisha uzito tu. Msimamizi anampa haki hivi:

GRANT SELECT (mwalo, tarehe, kilo) ON mavuno TO karani;

Karani akiuliza information_schema.columns katika PostgreSQL, `mavuno` linamjia na safu tatu. Hapati onyo lolote. Msimamizi akiuliza swali hilohilo, neno kwa neno, anapata tano. Karani aliyeamini orodha yake anaweza kuapa kwamba samaki wa aina mbalimbali, kama ndagala na mikeke, huandikwa pamoja bila kutenganishwa, kumbe safu ya samaki ipo siku zote. Atashtuka siku atakapoandika SELECT * FROM mavuno na kunyimwa. Tena akitafuta haki yake katika table_privileges hataikuta, kwa kuwa alipewa kwa safu. Iko katika column_privileges, mistari mitatu, mmoja kwa kila safu.

Pazia lenyewe ni jepesi. Chini ya information_schema, PostgreSQL ina katalogi yake ya ndani, pg_catalog, na mtu yeyote aliyeunganishwa kwenye hifadhidata hiyo kwa kawaida anaweza kusoma pg_attribute na kuona majina ya safu zote tano. Yaliyomo hayasomi, majina anayasoma. Kwa hiyo jina la safu si mahali pa kuficha siri, hasa katika hifadhidata ya hospitali.

Huko hospitalini kuna mtego mwingine. Takwimu za afya za Kongo, za Uvira zikiwemo, hukusanywa kwa DHIS2, programu iliyokuzwa Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumia PostgreSQL. Mikoa, zoni za afya na vituo vimo katika jedwali organisationunit. Hesabu za wagonjwa, kwa mfano wa kipindupindu, ugonjwa ambao haujauacha mji huu, huingia katika jedwali datavalue. Anayetaka kujua nani anaruhusiwa kuandika takwimu za kituo fulani asipoteze muda kwenye table_privileges. Kwa kawaida programu nzima huingia katika hifadhidata kwa mtumiaji mmoja, hivyo machoni pa PostgreSQL muuguzi wa Uvira na mkuu wa takwimu wa Kinshasa ni mtu yuleyule. Haki zao zimeandikwa kama data ya kawaida, katika majedwali ya programu yenyewe kama userrole, na huko ndiko pa kuuliza.