Kutoka musalaba wa shaba mupaka kukosa mone: makuta ikipunguzwa, nani anafaidika?

Kila inchi yenye kutengeneza makuta ya chuma inafika siku moja kwa ulizo hili: kama sarafu ndogo inakula metali mingi kuliko bei yake, tufanye nini? Uingereza ilipunguza ukubwa wa pensi 5 mwaka 1990. Kenya nayo, katika miaka ya 1990, ilifanya shilingi 1 kuwa ndogo, ya chuma iliyopakwa tu shaba ya manjano. Sisi batu ba Katanga, bandugu, ulizo hili lilipita kwetu zamani sana, mbele Babeleji bafike.

Pale Sanga, kando ya ziwa Kisale, bataalamu ba vitu vya kale, kama Pierre de Maret, walichimbua makaburi ya bankambo yetu. Katika makaburi fulani, misalaba ya shaba ni mikubwa na michache, imelazwa juu ya kifua: alama ya heshima. Katika makaburi ya nyuma zaidi, misalaba ni midogo, mingi, karibu kipimo kimoja, na iko karibu na mikono ao kiuno. Pale njo de Maret anaona makuta. Kitu cha heshima kilipunguzwa kikawa kitu cha kununulia. Kupunguza kule kulimusaidia mutu wa soko: angeweza kulipa kidogo kwa kitu kidogo.

Kisha, hesabu ikabadilika. Mwaka 1887 Inchi Huru ya Leopold ilitoa santimu za shaba zenye tundu katikati. Mwaka 1943, wakati wa vita, shaba ilitafutwa sana kwa risasi. Marekani ikatoa shaba katika senti yake, ikatumia chuma. Mwaka ule ule, kiwanda chake cha Philadelphia kilitengenezea Congo franka 2 za shaba ya manjano, zenye pembe sita. Lakini katika miaka ya 1950 franka zetu ndogo zikageuka aluminiyamu, nyepesi kabisa. Inchi ya shaba ikabeba aluminiyamu mufukoni!

Katanga ya Tshombe, mwaka 1961, ilirudia: franka 1 na franka 5 za shaba iliyochanganywa, na musalaba juu yake. Haikudumu. Mwaka 1967 Mobutu akaleta zaire, makuta na sengi. Sengi 10 ilikuwa sawa na franka 1 ya zamani, na ilikuwa ya aluminiyamu. Bei zilipopanda, sarafu ndogo zikakosa kazi. Jina tu likabaki: ata leo feza yote tunaiita makuta.

Mwaka 1998 franka ilirudi, lakini bila sarafu ya kutumia kwa soko. Ata santimu 1 ilikuwa ya karatasi. Leo karatasi ya franka 50 na ya 100 zinachanika, zinanuka, kisha zinapotea. Wewe unajua matokeo: unaomba mone, unapewa bonbon. Kwa taxi-bus, shofere na abiria banagombana juu ya franka 100. Na mama mwenye kuuza tomati hawezi kupandisha bei kidogo kidogo. Anapunguza fungu, ao anaruka mupaka bei ingine yenye kuwa na karatasi yake.

Mutu aliyesoma agronomia anaona kitu hapa. Mukulima wa kijiji anauza kwa meka, kwa fungu, kwa franka kidogo. Kipimo kidogo cha makuta kikikosa, ni yeye na mununuzi masikini banalipa tofauti. Gharama ya kutengeneza sarafu inatoka kwa hesabu ya serikali, inaingia katika kikapu cha mama.

Kwa hiyo mimi sisemi tusipunguze sarafu. Bankambo walipunguza, na ilikuwa akili. Kupunguza ukubwa si mubaya. Mubaya ni kupunguza mupaka kitu chenyewe kinaisha, na karatasi ya kukirudishia haidumu. Sarafu inaomba feza mingi siku ya kuitengeneza, lakini inaishi miaka mingi kuliko karatasi ya soko.

Tunachimba shaba na zinki, metali zenyewe za sarafu. Siku moja wenye kusoma uchumi kati yetu batakaa kwenye meza ya kuamua mambo ya feza. Baulize mbele ya yote: sarafu hii tunaipunguza kwa faida ya nani?