Kinachong'aa Ng'ambo ya Zohali

Mwaka 1577 nyotamkia kubwa ilitanda juu ya Ulaya na kuwatia watu hofu. Mwanaastronomia Tycho Brahe, akiwa kwenye kisiwa cha Hven, alipima mahali pake usiku baada ya usiku, kisha akalinganisha vipimo vyake na vilivyochukuliwa Prague. Kitu kilicho karibu huonekana kimesogea ukikitazama kutoka miji miwili. Mwezi husogea hivyo. Nyotamkia ile haikusogea kwa kiasi cha kupimika. Basi ilikuwa mbali kuliko Mwezi, ilhali wasomi tangu enzi za Aristotle walifundisha kwamba vitu hivi ni mvuke unaowaka humu humu hewani mwetu.

Tangu hapo kila mtu aliuliza swali moja: inapita wapi? Mwaka 1705 Edmond Halley aliandika kwamba nyotamkia za 1531, 1607 na 1682 ni moja, na kwamba ingerudi mwaka 1758. Alifariki 1742 bila kuiona tena, na hesabu ya kutaja mwezi wa kurudi ikaachiwa wanahisabati wa Paris. Alexis Clairaut ndiye aliyebuni mbinu. Waliokaa na kalamu kutwa ni Jérôme Lalande na Nicole-Reine Lepaute, mke wa fundi wa saa. Kwa miezi ipatayo sita walikokotoa jinsi sayari za Mshtarii na Zohali zilivyoivuta nyotamkia hiyo hatua kwa hatua kwa muda wa miaka 150, wakati mwingine hata wakiwa mezani kwa chakula. Walipata kwamba ingechelewa siku 618: siku 518 kwa sababu ya Mshtarii, 100 kwa sababu ya Zohali. Clairaut akatangaza kwamba ingelikaribia Jua katikati ya Aprili 1759, pengine ikapishana na tarehe hiyo kwa mwezi mmoja.

Usiku wa Krismasi ya 1758 mkulima wa karibu na Dresden, Johann Palitzsch, akaiona. Ililipita Jua tarehe 13 Machi. Clairaut alipotoa kitabu chake cha nyotamkia mwaka 1760, jina la Lepaute halikuwemo. Lalande ndiye aliyemtajia haki yake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sayansi hii ilipoanza hasa, kwenye meza ya hesabu kabla ya darubini.

Mwangaza ulichelewa kupata heshima kama hiyo. Ilibidi kungoja hadi 1856, Norman Pogson alipopendekeza kipimo tunachotumia mpaka leo: ngazi tano za mwangaza ni tofauti ya mara 100, na namba ikipanda kitu kinafifia. Kwa kipimo hicho, pamoja na hesabu ya njia, mtego ukakamilika. Chukua jiwe tupu lisilotoa gesi wala vumbi. Likienda mbali na Jua mara mbili ya mwanzo, linapata robo ya mwanga lililokuwa likipata. Na mwanga huo, ukirudi kwetu kutoka umbali ulioongezeka vilevile, unapungua tena hadi robo. Limefifia mara 16. Kwa hiyo ukishaijua njia ya kitu, unajua kinastahili kung'aa kiasi gani usiku wowote ule. Kikizidi hapo, kuna kinachotoka ndani yake.

Mtego ulinasa mapema. Tarehe 15 Novemba 1927, kwenye kituo cha Bergedorf, Hamburg, Arnold Schwassmann na Arno Wachmann walipata nyotamkia inayozunguka karibu duara kamili, nje ya Mshtarii, mara sita hivi umbali wa Dunia na Jua. Huko barafu ya maji ni ngumu kama mwamba. Hata hivyo nyotamkia hii hulipuka mara kadhaa kila mwaka, ikipanda ngazi moja hadi nne au zaidi, kisha inatulia. Miaka mingi ilipita pasiwe na maelezo ya kuridhisha. Mwaka 1994 ndipo gesi ya kaboni monoksidi iligunduliwa ikitoka humo; barafu yake hugeuka gesi kwenye baridi ambayo ile ya maji haiwezi hata kuanza kuyeyuka.

Kisha kikaja Chiron, na hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Charles Kowal, kwenye mlima Palomar, California, alikuwa akikagua sahani za kioo kwa mashine inayobadilisha picha mbili mbele ya jicho, hii, ile, hii, ile. Nyota zinatulia, kinachotembea kinaruka. Tarehe 1 Novemba 1977 aliona alama iliyokuwa imeruka kidogo sana kati ya sahani za tarehe 18 na 19 Oktoba. Kuruka kidogo ni dalili ya umbali mkubwa. Baadhi ya magazeti yakakimbilia kuandika habari za sayari ya kumi.

Siku chache za vipimo haziwezi kuzaa njia ya kuaminika. Wanaastronomia wakafungua makabati ya kumbukumbu na kukuta kwamba Chiron kilikuwa kimepigwa picha mara nyingi bila mtu kukitambua, picha ya zamani zaidi ikiwa ya 1895. Ile ya 1895 haikupigwa kwa ajili ya Chiron. Kwa msaada wa sahani hizo njia ikanyooka: mzunguko wa miaka 50 hivi, kutoka ndani kidogo ya Zohali hadi karibu na Uranus. Kikaandikwa asteroidi namba 2060.

Mwaka 1988 David Tholen na wenzake walikuta Chiron kinang'aa kupita hesabu kwa takriban asilimia 75. Aprili 1989 Karen Meech na Michael Belton wakapiga picha ya ukungu wa vumbi ukikizunguka. Kikaingizwa pia kwenye daftari la nyotamkia kwa namba 95P. Hadi leo kina vitambulisho viwili, na hakuna aliyethubutu kukinyang'anya kimoja. Mambo yakazidi kutatanisha baadaye, sahani za 1969 hadi 1977 zilipopimwa upya. Zilionyesha kwamba Chiron kilikuwa hai hata kilipokuwa mbali kabisa na Jua. Mwaka 2021, kikiwa tena kwenye pembe hiyo ya mbali, kiling'aa ghafla kwa mara nyingine. Joto la Jua peke yake halitoshi kueleza hayo. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba barafu iliyoganda ovyo ovyo hujipanga upya na kuachia gesi zilizonaswa.

Nyotamkia ya Halley yenyewe ilifanya kituko chake Februari 1991, miaka mitano baada ya kutupita: ikiwa ng'ambo ya Zohali, iling'aa takriban mara 300 kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2003 darubini kubwa za Ulaya nchini Chile ziliipata tena, tupu, mara 28 umbali wa Dunia na Jua, kwenye ngazi ya 28.2.

Nyotamkia ya karibuni katika visa hivi inabeba majina ya Pedro Bernardinelli na Gary Bernstein. Waliichimbua mwaka 2021 kutoka picha zilizopigwa Chile kuanzia 2014 kwa ajili ya utafiti wa nishati ya giza, yaani za kazi nyingine tena. Siku chache baada ya kutangazwa, darubini ya mita moja huko Sutherland, Afrika Kusini, ikaonyesha ukungu wake, nayo ikiwa mara 20 umbali wa Dunia na Jua. Picha za 2010 zilizofukuliwa baadaye zilikuwa zimeinasa ikiwa mara 34. Darubini ya angani ya Hubble ilikadiria kiini chake kuwa na upana wa kilomita 120 hivi. Itafika karibu zaidi na Jua Januari 2031, nje kidogo ya njia ya Zohali, na hata siku hiyo haitaonekana kwa macho matupu.