Dripu ya antibayotiki ya saa 24: Kwa nini dozi ileile hupewa polepole?

Mgonjwa yuko chumba cha wagonjwa mahututi, maambukizi yamesambaa kwenye damu. Dawa sahihi ipo, dozi imeandikwa. Linabaki swali ambalo wengi hawalifikirii: dawa hiyo iingie mwilini kwa nusu saa, au itiririke mchana na usiku bila kukatika?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa la kwanza. Dawa inachanganywa, inapitishwa kwenye mshipa kwa dakika chache hadi nusu saa, kisha inasubiriwa dozi inayofuata. Mfano, saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Sasa hospitali nyingi za nchi tajiri zimehamia njia ya pili, na utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2024 umezipa nguvu zaidi.

Hili si jambo dogo. Sepsisi, hali ambapo mwili unapambana na maambukizi hadi viungo vyake vyenyewe vinaanza kufeli, ilikadiriwa kuua watu milioni 11 duniani mwaka 2017 pekee.

Hesabu ya saa moja

Antibayotiki zinazohusika zaidi ni za familia ya penisilini na ndugu zake, zinazoitwa beta-laktamu. Humo kuna piperasilini-tazobaktamu na meropenemu, dawa ambazo madaktari huzikimbilia mgonjwa akiwa na hali mbaya.

Dawa hizi zina tabia yake. Kuzimwaga nyingi kwa mpigo hakuziongezei sana makali. Kinachoua bakteria ni muda ambao dawa inabaki kwenye damu juu ya kiwango fulani. Ikishuka chini ya hapo, bakteria waliobaki wanapata nafasi ya kuzaliana tena.

Na zinashuka haraka kweli. Kwa mtu mwenye figo nzima, kiasi cha meropenemu kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya kama saa 1. Tuseme kimeanza 100: saa 1 baadaye ni 50, kisha 25, kisha 12. Saa ya 5 imebaki kama 3. Kama dozi inayofuata ni baada ya saa 8, kuna saa kadhaa hapo katikati ambazo dawa ni kama haipo, hasa bakteria wakiwa wagumu kidogo.

Tatizo hili lina umri sawa na antibayotiki zenyewe. Mwaka 1941, polisi wa Oxford, Uingereza, aitwaye Albert Alexander alipewa penisilini ikiwa bado dawa ya majaribio. Ilikuwa chache mno na ilitoka mwilini haraka, kiasi kwamba watafiti waliikusanya kwenye mkojo wake, wakaisafisha na kumrudishia. Alianza kupata nafuu, lakini dawa ikaisha na akafariki.

Wagonjwa mahututi wana ugumu wa ziada. Baadhi yao, hasa vijana waliopata ajali au kuungua, figo zao huchuja damu kwa kasi kuliko kawaida, kwa hiyo dawa inatoka mapema zaidi. Wengine figo zimelala, dawa inajikusanya. Dozi moja kwa wote haiwatoshi hawa wala haiwafai wale.

Utafiti unasemaje?

Utafiti mkubwa kuliko yote unaitwa BLING III. Ulihusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye sepsisi katika vyumba 104 vya wagonjwa mahututi kwenye nchi 7, zikiwemo Australia, Uingereza, Ufaransa na Malaysia. Nusu walipewa dawa kwa vipindi vya dakika 30, nusu kwa dripu isiyokatika. Jumla ya dawa kwa siku haikutofautiana.

Baada ya siku 90, waliofariki kwenye kundi la dripu mfululizo walikuwa asilimia 24.9. Kundi lingine, asilimia 26.8. Ni pungufu ya karibu watu 2 kwa kila wagonjwa 100.

Hapa kuna "lakini" yake. Kitakwimu, tofauti hiyo haikutosha kuondoa kabisa uwezekano kwamba ni bahati tu. Kilichoonekana waziwazi zaidi ni kupona maambukizi: asilimia 55.7 dhidi ya asilimia 50.

Utafiti mwingine wa meropenemu, MERCY, uliochapishwa 2023 na kuhusisha wagonjwa 607, haukuona tofauti yoyote ya maana. Lakini watafiti walipounganisha majaribio 18 yenye wagonjwa zaidi ya 9,000, BLING III ikiwa ndani yake, picha ilikaa sawa: kuipitisha dawa kwa muda mrefu kulipunguza vifo, na makadirio ni kuokoa mtu 1 wa ziada kwa kila wagonjwa 26 wanaopewa hivyo. Kwa mabadiliko yasiyohitaji dawa mpya hata moja, hiyo ni faida kubwa.

Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa mwaka 2021 tayari ulikuwa umependekeza njia hii, ingawa kwa sauti ya chini, kwani ushahidi wakati huo ulikuwa bado haujakomaa.

Dozi ya kwanza haipewi polepole

Kosa baya kuliko yote ni kuanza na dripu ya taratibu moja kwa moja. Mwili ukiwa hauna dawa kabisa, dripu ya saa 24 itachukua saa kadhaa kufikisha kiwango kinachotakiwa, na mgonjwa wa sepsisi hana saa hizo. Ndiyo maana kwanza hupewa dozi kamili ya haraka, halafu dripu inaunganishwa nyuma yake.

Si kila antibayotiki

Jentamaisini ni kinyume kabisa. Yenyewe huua kwa wingi wake wa ghafla, na kukaa muda mrefu kwenye damu kunaumiza figo na masikio. Ndiyo maana mara nyingi hupewa kwa mkupuo mmoja kwa siku.

Seftriaksoni, sindano inayojulikana sana kwenye hospitali za Afrika Mashariki, nayo haina haja kubwa ya dripu ndefu. Ni beta-laktamu, lakini huchukua kama saa 8 kupungua kwa nusu, hivyo mara 1 kwa siku inatosha kwa maambukizi mengi.

Shughuli iko kwenye wodi

Kwenye karatasi ni rahisi. Wodini kuna mambo.

La kwanza ni pampu. Dripu ya saa 24 inataka mashine inayosukuma dawa kwa kipimo kisichoyumba. Kwa dripu ya kuning'iniza, mgonjwa akikunja mkono tu kasi inabadilika. Pampu zikiwa chache, huenda kwanza kwa dawa za kupandisha presha na za usingizi, na hakuna anayeweza kulaumu hilo.

La pili ni joto. Meropenemu ikishachanganywa na maji huanza kuharibika ndani ya saa chache, na joto linaharakisha uharibifu. Kwenye maji ya glukosi huharibika haraka zaidi kuliko kwenye maji ya chumvi. Kwa hiyo "mfululizo" kwa dawa hii maana yake ni chupa ndogondogo zinazopokezana, si chupa moja ya kutwa nzima. Piperasilini-tazobaktamu inavumilia zaidi. Wodi isiyo na kiyoyozi, mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, haiwezi kunakili ratiba ya Brisbane kama ilivyo.

La tatu ni mshipa. Njia moja ikishikwa na antibayotiki saa zote 24, dawa nyingine zipite wapi? Baadhi haziruhusiwi kukutana kwenye mrija mmoja. Mgonjwa mwenye kanula moja tu anahitaji nyingine.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho husahaulika: dawa inayobaki kwenye mrija chupa ikiisha. Kama chupa ni ya mililita 100 na mrija umebakiza 15, asilimia 15 ya dozi imeishia kwenye pipa la taka. Ndiyo maana wauguzi husukuma mabaki kwa maji ya chumvi.

Njia ya kati

Pasipo na pampu za kutosha, ipo njia inayotumika sehemu nyingi: kila dozi inapewa kwa saa 3 au 4 badala ya nusu saa. Haifanani kabisa na dripu mfululizo, lakini inaziba sehemu kubwa ya lile pengo, na dawa haikai kwenye joto muda mrefu. Majaribio yale 18 yaliyounganishwa yalihusisha pia aina hii.

Inawezekana hata kwa kuhesabu matone. Gramu 1 ya meropenemu kwenye mililita 100, kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, ikipewa kwa saa 3 ni kama matone 11 kwa dakika. Muuguzi anayehudumia wagonjwa wengi hawezi kusimama hapo kuyahesabu muda wote, lakini akiyaangalia mara kwa mara anaweza kurekebisha.

Hapo ndugu wa mgonjwa nao wanaingia. Dripu inayodondoka taratibu huonekana kama imeziba, na si ajabu kumkuta mtu akiifungulia kidogo "iishe haraka mgonjwa apumzike". Dawa ya saa 3 ikiisha kwa dakika 20, mgonjwa amerudi kwenye ratiba ya zamani bila daktari kujua. Ukiona imesimama kweli, au mkono umevimba pale kanula ilipo, mwite nesi.