Baiskeli ya Nani? Mbulu, Hanang na Siasa za Magurudumu Mawili

Kama umewahi kupanda mlima Magara kwenda Mbulu, unajua kwamba baiskeli kule si chombo cha starehe. Unapanda ukiisukuma, unateremka ukimwomba Mungu breki zishike. Ukishafika upande wa Haydom, au ukishuka Hanang kwenye tambarare za Basotu, ndipo inaanza kukulipa fadhila. Pamoja na tabu hiyo yote, kwa miaka mingi watu wa huko waliweza kukisia siasa ya mtu kwa kuangalia baiskeli yake. Sizungumzii rangi wala bendera. Nazungumzia swali moja tu: kaipata wapi?

Turudi nyuma. Wakati wa Mwingereza wilaya ya Mbulu ilikuwa kubwa mno. Karatu, Babati na Hanang zote zilikuwa ndani yake. Hanang ilikatwa na kuwa wilaya mwaka 1969. Katika eneo lote hilo mwenye baiskeli alikuwa, mara nyingi, mtu wa mshahara: karani wa baraza la chifu, mwalimu, tarishi, katekista, bwana mifugo. Kumbuka pia kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilileta Mbulu mpango wake wa maendeleo, na ndani yake mlikuwa na amri ya kupunguza ng'ombe. Sasa fikiria wewe ni Mwiraki au Mbarabaig, mali yako yote ina pembe na mkia, halafu unasikia kengele ya baiskeli inakuja bomani kwako. Utafurahi?

Hapo ndipo TANU ilipata kigugumizi chake cha kwanza vijijini. Chama kilizaliwa Julai 7, 1954, lakini tangu 1953 ulikuwepo Waraka wa Serikali Namba 5 uliowakataza watumishi wa serikali kujiunga na chama cha siasa. Kwa maneno mengine, wale wenye kalamu na baiskeli ndio waliozuiwa. Nyerere mwenyewe, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya misheni pale Pugu, ilibidi achague, akaacha kazi mwaka 1955. Kwa hiyo kazi ya kueneza kadi ilihitaji mtu aliyenunua baiskeli kwa fedha yake: mwenye duka, mchuuzi wa ngozi, mkulima aliyeuza mazao yake vizuri. Mshahara wake hautoki bomani, basi boma halina cha kumnyang'anya. Naona tofauti hii haipewi uzito unaostahili. Tunasimulia uhuru kama hotuba za Mnazi Mmoja, wakati mikoani ulikuwa pia ni suala la nani anaweza kufika kijiji cha pili na kurudi bila kuomba ruhusa kwa mtu.

(Kina mama walitembea kwa miguu, tena na mizigo kichwani. Katika habari hizi za baiskeli hawaonekani kabisa, na hilo nalo ni historia.)

Sasa tufike 1960, maana hapa ndipo Mbulu ilipoishangaza nchi. Uchaguzi wa Agosti mwaka ule TANU ilikuwa inapita kama maji. Kati ya viti 71, viti 58 ilivipata bila kupingwa. Vilivyobaki 13 ikavinyakua vyote isipokuwa kimoja. Kimoja hicho ni Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Wapiga kura wakamchagua Herman Elias Sarwatt, mgombea binafsi. Na Sarwatt hakuwa mpinzani wa uhuru hata kidogo, alikuwa mwanachama wa TANU aliyekataa kukaa pembeni kwa sababu tu wakubwa wameshaamua.

Angalia ni nani walipiga kura ile. Si kila mtu mzima aliruhusiwa. Ilitakiwa ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au uwe na kipato cha paundi 75 kwa mwaka, au uwe umeshika wadhifa. Hebu niambie, huyo ni nani kama si yule yule wa baiskeli? Mwalimu, karani, mfanyabiashara. Watu waliozoea kwenda na kurudi, kusikia la huku na la kule, na kupima wenyewe. Walikuwa na kadi ya TANU mfukoni na bado wakaikatalia TANU jina lililotoka juu. Kwangu mimi hii ni habari kubwa kuliko inavyofundishwa mashuleni, kama inafundishwa.

Baada ya hapo mlango ukafungwa. Kuanzia 1965 wagombea wawili walishindana, wote wa TANU, mmoja jembe mwingine nyumba. Mgombea binafsi akafutika. Mchungaji Mtikila alihangaika mahakamani tangu miaka ya 1990, hadi Mahakama ya Afrika ikampa haki mwaka 2013, lakini hata uchaguzi wa 2025 umepita bila mgombea binafsi. Sarwatt leo angeambiwa atafute chama kwanza.

Na baiskeli nayo ikawa ya kuombewa kibali. Wale waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka: sabuni hakuna, tairi hakuna, na ikija Swala moja kijijini mwenyekiti ndiye anajua itaenda kwa nani. Tumetoka kwenye baiskeli ya boma tukaingia kwenye baiskeli ya kikao.

Vyama vingi vilirudi 1992, na baiskeli ikarudi kama zawadi. Katibu kata kapewa, balozi kaahidiwa. Sheria ya uchaguzi ilifanyiwa marekebisho mwaka 2000, ikaruhusu mambo haya kwa jina tamu la takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta takrima mwaka 2006. Lakini je, zawadi inanunua kichwa cha mpanda baiskeli? Karatu, iliyokuwa sehemu ya Mbulu, ilimchagua Dk. Slaa wa CHADEMA tangu 1995, wakati Hanang jirani ilikuwa na mbunge wake Frederick Sumaye kwenye kiti cha Waziri Mkuu. Mwaka 2010 Mbulu nayo ikampa CHADEMA, Mustapha Akunaay. Mwaka 2015 ikarudi CCM. Mimi sioni watu walionunuliwa hapo, wala sioni watu wa chama kimoja.

Siku hizi kijana wa Dongobesh anaitaka pikipiki ya Kichina, na bendera za vyama zimehamia kwenye bodaboda. Barabara ndiyo imebaki kuwa ugomvi. Mwaka 2022 mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, wa CCM, alipiga sarakasi ndani ya ukumbi wa Bunge mjini Dodoma, mbele ya serikali ya chama chake mwenyewe, akidai lami ya kwenda Haydom.